Mkufunzi aliyeshuka: ni mambo ya kijamii au ni visingizio?

SWALI: Mimi ni mkuu wa idara ya biashara katika chuo binafsi cha ngazi ya kati jijini Mbeya. Nina mkufunzi wa uhasibu, mama wa watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Alipoajiriwa alikuwa na shahada nzuri, na kwa miaka miwili ya mwanzo wanafunzi walimsifu sana. Tangu mwaka jana fomu za tathmini zinamshusha kila muhula, na sasa uongozi unataka nishauri kama aongezewe mkataba. Mwenyewe anasema ana mambo mengi ya kifamilia. Wenzangu wanasema kila mtu ana familia. Je, mambo ya kijamii yanaweza kuathiri ufundishaji kiasi hicho, au ni visingizio?

JIBU: Mwalimu, nimesoma barua yako kwa makini, na naona kwamba uongozi umekuuliza jambo moja huku wenzako wakijibu jingine. Uongozi unataka kujua kama mkufunzi huyu bado anafundisha vizuri; wenzako wanajadili kama anastahili kuhurumiwa. Nitajibu la kwanza, kwa sababu la pili halihitaji mtaalamu.

Mambo ya kijamii yanaathiri ufundishaji, tena kwa nguvu, lakini hayagusi kila kitu. Ujuzi wa uhasibu alionao mkufunzi haupungui kwa sababu amefiwa na shangazi au kwa sababu mtoto hakulala usiku kucha. Vinavyopungua ni viwili: saa za kuandaa somo na kusahihisha kazi, na ile nafasi ambayo darasa linampa ya kusikilizwa na kuaminiwa. Karibu kila jambo la kijamii ninalolijua, liwe mshahara, msiba, ndoa, umri au jinsia, hufika darasani kwa kupitia kimojawapo kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo anayetaka kutofautisha sababu na kisingizio asipime uzito wa matatizo ya mtu, maana hapo kila mmoja ana yake. Apime saa alizobakiwa nazo na namna darasa linavyompokea.

Tuanze na fomu za tathmini, kwa kuwa ndizo zilizokuletea habari kwamba ameshuka. Fomu hizo zina kazi yake. Zinaweza kukuambia kama mkufunzi anaingia darasani kwa wakati, kama sauti yake inafika viti vya nyuma, kama karatasi za majaribio zinarudi. Haziwezi kukuambia kwa uhakika kwamba wanafunzi wamejifunza. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Scott Carrell na James West, walichapisha uchunguzi uliofanyika katika chuo cha jeshi la anga la nchi hiyo kilichopo Colorado, ambako wanafunzi hupangiwa walimu bila kuchagua na wote hufanya mtihani mmoja. Walikuta kwamba walimu wenye uzoefu mdogo ndio waliopendwa, na wanafunzi wao walipata alama nzuri katika somo lile la mwanzo. Lakini walipofika katika masomo ya juu yanayolitegemea lile la mwanzo, waliofanya vizuri zaidi walikuwa wanafunzi wa walimu wazoefu, wale wale ambao tathmini zao zilikuwa za chini. Mwaka 2015 Lillian MacNell na wenzake, nao wa Marekani, walieleza jaribio jingine lililofanywa katika kozi ya mtandaoni, ambapo mwalimu mwanamume na mwalimu mwanamke walibadilishana majina bila wanafunzi kujua. Aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipewa alama za juu zaidi, hata katika kipengele cha kurudisha kazi mapema, wakati kazi zilirudishwa kwa muda ule ule. Wanafunzi wa jaribio hilo walikuwa wachache, na Marekani si Mbeya, kwa hiyo sitaki ulibebeshe uzito kupita kiasi. Hata hivyo linatosha kukufanya uulize swali moja kabla ya kuandika ripoti: wanafunzi waliofundishwa naye uhasibu wa msingi wanafanyaje wanapofika kwenye uhasibu wa gharama kwa mkufunzi mwingine? Matokeo hayo yamo katika ofisi ya taaluma, wala huhitaji kibali cha mtu kuyatazama.

Angalia pia kama ni darasa lile lile linalolinganishwa. Mkufunzi aliyesifiwa akiwa na wanafunzi wachache wa mwaka wa pili, kisha akahamishiwa darasa kubwa la mwaka wa kwanza lenye watu wanaosimama dirishani, hajashuka, amehamishwa. Katika vyuo vingi nilivyovitembelea, moduli kubwa ya mwaka wa kwanza hupewa asiye na wa kumtetea kwenye kikao cha kugawana vipindi, na mara nyingi huyo ni mama aliyekuwa likizo ya uzazi wakati kikao kinafanyika.

Sasa nije kwenye saa, ambako ndiko kwenye mzigo mkubwa.

Mkufunzi wa chuo cha kati hulipwa kwa vipindi vinavyoonekana kwenye ratiba, lakini ubora wa vipindi hivyo hutengenezwa katika saa zisizoonekana popote: jioni anapotafuta mfano mpya wa hesabu, usiku anaposahihisha, Jumamosi anapopanga jaribio lisilofanana na la mwaka jana. Saa hizo ndizo jamii inazozichukua kwanza, kwa kuwa hakuna anayezilinda. Mkuu wa chuo hawezi kuingilia kipindi cha saa mbili asubuhi ampe mkufunzi kazi nyingine, lakini jioni ya mkufunzi iko wazi kwa kila mtu: kamati ya harusi, kikao cha kikoba, mazoezi ya kwaya, mgeni kutoka kijijini, mtoto wa kaka aliyeletwa mjini kusoma. Katika miji yetu mtu aliyesoma hupewa nafasi ya ukatibu katika kila kamati kwa hoja kwamba anajua kuandika, na sijaona anayekataa bila kuitwa mwenye majivuno.

Msiba unastahili maelezo yake. Huku kwetu, kuanzia Rungwe na Kyela hadi Mbozi na Makete, kutokuonekana msibani ni kujitenga na watu, na siku utakapofiwa wewe, waliokuwepo na wasiokuwepo watakumbukwa kwa majina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi walau siku 4 za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 36 kwa ajili ya kuugua au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku hizo ni za jumla, hata kama matukio ni mawili au matatu, ingawa mwajiri anaweza kuruhusu nyingine zisizo na malipo. Shangazi hayumo. Mjomba hayumo, mama mkwe hayumo, jirani aliyemlea mtu hayumo. Kwa hiyo misiba mingi ambayo mkufunzi hawezi kuikwepa kijamii haimo katika sheria, na matokeo yake ni mipango ya kimyakimya: anamwomba mwenzake amshikie darasa, mwenzake anaingia na kuwasomea wanafunzi desa, yaani maelezo ya somo yaliyochapwa, au kiongozi wa darasa anatumiwa ujumbe kwamba kipindi kimeahirishwa. Wiki mbili baadaye mada tatu zinakimbizwa katika kipindi kimoja ili mtaala uishe kabla ya mtihani, na wanafunzi wanaandika kwenye fomu kwamba mkufunzi anaenda haraka na haeleweki. Kwa upande wao wamesema kweli.

Isitoshe, misiba haiwagusi wanaume na wanawake kwa usawa. Mwanamume atafika, atachangia, atazika, na jioni anaweza kuwa ameshapanda basi kurudi mjini bila kulaumiwa na mtu. Mwanamke hutarajiwa kulala matanga, kupika, kuosha vyombo na kubaki na wafiwa hadi watu watawanyike. Wenzako wanaposema kila mtu ana familia, waulize kwa upole nani anabaki jikoni msibani, nani anaamka mtoto akilia, na nani anaitwa shuleni mtoto mkubwa akiugua. Kila mtu ana familia, ni kweli, lakini familia haziwadai watu wote saa zile zile.

Kuna na kilimo, ambacho watafiti wa mijini hukisahau. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, na sehemu kubwa ya muhula wa kwanza huangukia humo. Mkufunzi mwenye viazi Uporoto au mahindi Mbozi analima, anapanda, anapalilia na kuweka mbolea katika miezi ile ile ya kufundisha moduli mpya na kutunga majaribio. Sioni sababu ya kumlaumu, kwa kuwa kwa mshahara wa vyuo vingi binafsi, unaochelewa pale ada zinapochelewa, shamba ndilo linalomhakikishia chakula. (Mwenye miti Mufindi hana shida hii, miti ikishashika haimwiti mtu kila Januari.) Ninachosema ni kwamba mkuu wa idara anayejua majira ya eneo lake hapangi majaribio yote ya muhula katika wiki za palizi.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mshahara mdogo haumfanyi mtu afundishe vibaya moja kwa moja. Ninawajua wakufunzi wanaolipwa kidogo na darasani wanang'ara. Mshahara mdogo humtuma mtu atafute vipindi vya ziada chuo cha pili, na hapo tunarudi kwenye saa. Aliyesoma kwa mkopo wa serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kisha kuna marejesho ya kikoba na michango, na kinachobaki ndicho kinachompandisha daladala jioni kutoka Iyunga kwenda Uyole kufundisha darasa lingine, akabanwa na foleni ya barabara kuu, akafika nyumbani saa tatu usiku na bahasha ya karatasi zisizosahihishwa.

Njia ya pili, ile ya kusikilizwa, ni ngumu zaidi kuiona kwa sababu mkufunzi mwenyewe huwa anaificha. Vyuo vya kati hupokea vijana waliomaliza kidato cha nne, lakini hupokea pia watu wazima: karani wa chama cha ushirika, msimamizi wa ghala, mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayetaka stashahada ili aombe zabuni. Katika darasa kama hilo mwanafunzi wa miaka arobaini na tano anaweza kunyoosha mkono na kusema, "Kule kazini hatufanyi hivyo." Mkufunzi wa kiume mwenye mvi akimsahihisha, darasa linaandika. Mkufunzi wa kike aliye mdogo kuliko mwanafunzi huyo akimsahihisha kwa maneno yale yale, wapo watakaosema anajibu wakubwa; asipomsahihisha, wapo watakaosema hajui somo. Nimewaona wakufunzi wazuri wa kike wakiacha kabisa kuuliza maswali darasani ili wasiingie katika mabishano ya namna hiyo, wakaanza kusoma maelezo tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayewatazama kwa nje anadhani wamechoka.

Hapo wewe una sehemu yako. Unapopita darasani na kusema mbele ya wanafunzi, "Dada yenu hapa atawasaidia," umempunguzia kitu, hata kama ulikusudia upole. Mwite mwalimu. Na mwanafunzi anapokuletea malalamiko dhidi yake, muulize kwanza kama ameshazungumza naye. Ukimsikiliza kabla ya hapo, darasa zima litajua kesho yake kwamba uamuzi wa mkufunzi unakatiwa rufaa ofisini kwako.

Ukaribu wetu nao una gharama zake. Katika mji ambao mkufunzi, mzazi wa mwanafunzi na mjumbe wa bodi wanasali kanisa moja, ombi la "mwangalie huyo, ni mtoto wetu" halikwepeki, na kila alama inayotolewa kwa sababu hiyo huonekana na wanafunzi wengine kabla haijaonekana na mkuu wa idara. Mkufunzi aliyekataa ombi la namna hiyo anaweza kulipizwa kwenye fomu ya tathmini. Sijui kama yamemkuta huyu wako, lakini muulize.

Hali ya wanafunzi pia ni jambo la kijamii, na linabadilisha ufanisi wa mkufunzi bila yeye kubadilika. Wengi wa wanafunzi wako walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakapita sekondari za kata kwa Kiingereza cha kukariri, na sasa wanapanga geto, wawili au watatu chumba kimoja, wakijipikia. Nilikaa nyuma ya darasa moja la uhasibu mjini Iringa wakati mkufunzi alipouliza kwa Kiingereza maana ya uchakavu wa mali. Kimya. Akarudia, watu wakainamia madaftari. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Ukinunua bajaji leo kwa milioni 10, ukaiendesha hapa Miyomboni miaka mitano, utaiuza milioni ngapi?" Mikono ikawa mingi kuliko alivyohitaji, wakabishana, wakakubaliana milioni mbili na nusu. "Milioni saba na nusu zimekwenda wapi?" Kijana mmoja akajibu kwamba zimeliwa na barabara, darasa likacheka, na mkufunzi akaigawanya milioni saba na nusu kwa miaka mitano ubaoni, ikawa milioni moja na nusu kwa mwaka. Ndipo akaandika lile neno la Kiingereza litakalokuwamo kwenye mtihani. Baada ya hapo sikuona aliyeinama.

Mfano ule haukuwamo kwenye desa. Mtu alikaa jioni akaufikiria, akachagua tarakimu zinazogawanyika vizuri, akajua ataufuata na swali gani. Ukimnyang'anya mkufunzi jioni yake, cha kwanza kupotea ni bajaji. Kinachobaki ni ufafanuzi wa Kiingereza unaosomwa kwa sauti. Scott Freeman na wenzake, walipokusanya mwaka 2014 tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, walikuta kwamba wastani wa waliofeli ulikuwa karibu asilimia 34 katika madarasa ya kusikiliza mhadhara tu, na karibu asilimia 22 pale wanafunzi waliposhirikishwa. Ufundishaji wa kushirikisha unahitaji maandalizi, na maandalizi yanahitaji saa ambazo nimekuwa nikizieleza tangu mwanzo.

Sasa ufanye nini na mkufunzi wako? Kwanza pata ushahidi ulio bora kuliko fomu. Chukua fungu la karatasi za majaribio za muhula uliopita, za kwake na za wakufunzi wengine wawili, utazame tarehe ya jaribio, tarehe ya kurudishwa, na kama pembeni kuna neno lolote la kumsaidia mwanafunzi au ni vyema na mkosi tu. Tazama desa lake la mwaka huu na la miaka mitatu iliyopita uone kama mifano imebadilika. Ingia darasani kwake mara mbili, kwa taarifa, ukae kipindi kizima, uhesabu maswali anayouliza na wanaoyajibu. Kisha zungumza naye, si kwa kumuuliza ana matatizo gani, maana hapo utapata ama machozi ama ukimya, bali kwa kumuuliza anaandaa masomo saa ngapi na wapi. Mtu aliyezidiwa hulijibu swali hilo kwa undani unaoshangaza. Anayetafuta kisingizio hujibu kwa ujumla.

Muulize pia kama anapata muda wa kunyonyesha. Sheria niliyoitaja inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, kumnyonyesha mtoto. Kama ratiba uliyompa ina kipindi cha asubuhi sana na kingine cha jioni, na kati yake kuna mapengo ambayo hayatoshi kufika nyumbani na kurudi, basi sehemu ya kushuka kwake imetengenezwa ofisini kwako, na unaweza kuiondoa bila shilingi ya ziada.

Lingine lililo ndani ya uwezo wako ni kuvunja desturi ya kila mkufunzi kumiliki moduli yake peke yake, na madesa yake kuyafungia kabatini kama hati ya kiwanja. Waweke wakufunzi wawili katika kila moduli kubwa, wenye azimio la kazi moja na benki moja ya mifano, ili mmoja akienda msibani mwingine aendelee na mada yenyewe badala ya kushikilia darasa. Watalalamika mwanzoni, hasa wale wanaouza madesa.

Mpe muhula mmoja wenye ratiba iliyorekebishwa. Ikiwa karatasi zitaanza kurudi kwa wakati na mifano mipya ikaonekana, utakuwa umepata jibu. Ikiwa saa zimerudi lakini karatasi bado zinakaa mwezi mzima na desa ni lile lile la mwaka alioajiriwa, basi hilo si jambo la kijamii tena, na utapaswa kuliandika waziwazi bila kumwonea wala kumficha. Kwa sasa ningeshauri mkataba wa mwaka mmoja, wenye tarehe ya kupitiwa mwishoni mwa muhula wa kwanza. Na katika ripoti utakayoupelekea uongozi, kando ya alama za tathmini, andika idadi ya wanafunzi na vipindi alivyopangiwa katika kila muhula tangu arudi kutoka likizo ya uzazi, na jina la aliyevipanga.